Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu Mbeya na Iringa

Vijana wengi wa Mbeya na Iringa wanaotaka kujiundia kompyuta ya gemu huanza kwa kutafuta kadi ya grafiki, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa zaidi vijiweni, na vipuri vingine hununuliwa kwa fedha itakayobaki. Mimi nashauri uanze na umeme wa nyumbani kwako, kwa sababu ndio utakaoamua kompyuta hiyo itadumu kwa muda gani.

Umeme wetu ni wa volti 230, lakini kila anayeishi huku anajua kwamba hupanda na kushuka, hukatika bila taarifa, na kwamba masika ya nyanda za juu, kuanzia Novemba hadi Aprili, huja na radi. Pawa saplai, yaani kipuri kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, basi, si mahali pa kubana matumizi. Kwa mfano, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD Ryzen 5 5600 imepangiwa wati 65 na kadi ya RTX 4060 wati 115, kwa hiyo pawa saplai ya wati 550 iliyotengenezwa na kampuni inayojulikana inazitosha zote mbili na nafasi ikabaki, ilhali ile nyepesi mkononi, iliyoandikwa wati 750 na isiyojulikana ilikotoka, inaweza kufa siku umeme unaporudi kwa kishindo na kuondoka na ubao mama, ule ambao vipuri vyote huungwa juu yake. Alama ya 80 Plus hueleza jinsi pawa saplai inavyopunguza upotevu wa umeme. Haithibitishi kwamba ina kinga za kutosha. Ukiongeza UPS, kifaa chenye betri cha kushikilia umeme unapokatika, soma wati zake badala ya VA (volti-ampea), kwa maana UPS ya VA 650 mara nyingi hutoa wati zisizofika 400. Wakati wa radi, chomoa plagi ukutani, kwani kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Baada ya umeme ni kuoana kwa vipuri, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye ubao mama) ya AM4 na hutumia RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya aina ya DDR4, wakati mbao mama za AM5, zilizoanza kutoka mwaka 2022, hupokea DDR5 tu. Kwa upande wa Intel, mbao za soketi ya LGA1700 zipo za aina zote mbili za RAM, kwa hiyo soma maandishi ya ubao wenyewe wala usitegemee neno la muuzaji. Pengo la DDR4 na la DDR5 haliko mahali pamoja, na RAM inayokataa kuingia haisukumwi. Kuna pia suala la BIOS, programu iliyo ndani ya ubao mama inayowasha kompyuta: ubao wa AM4 wa aina ya B450 uliokaa dukani tangu zamani unaweza usiitambue prosesa ya Ryzen 5000 mpaka programu hiyo isasishwe, kazi ambayo kwenye mbao nyingi huhitaji prosesa ya zamani. Mwombe muuzaji aifanye kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi. Kumbuka vilevile kwamba 5600 haina grafiki yake ya ndani, tofauti na 5600G, kwa hiyo bila kadi ya grafiki, skrini haitaonyesha kitu.

RAM mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16, kwa sababu zikifanya kazi pamoja husafirisha data kwa kasi zaidi. SSD, diski ya kuhifadhia gemu na mafaili, iwe ya TB 1 ukiweza; gemu kubwa za sasa huzidi GB 100, na kuifuta moja ili kupisha nyingine ni kununua bando upya kila unapoirudia.

Baridi ya Juni na Julai inakusaidia, kwa hiyo feni ya kawaida ya prosesa hutosha na mfumo wa maji si wa lazima. Vumbi la kiangazi ndilo adui: chagua boksi la kompyuta lenye chujio linalotoka na kuoshwa.

Vipuri vingi hutoka Kariakoo, na safari ya kupanda mlima Kitonga, njiani kuja Iringa, ina mitikisiko ya kutosha kuvunja nafasi ya kadi ya grafiki kwenye ubao mama. Kompyuta iliyokwisha kuungwa isafirishwe kadi ikiwa imetolewa na kufungwa peke yake. Ukinunua ubao wa AM5 au LGA1700, fungua kifuniko cha soketi mbele ya muuzaji na umulike kwa tochi ya simu, maana pini ziko kwenye ubao na moja iliyopinda inaweza kuzuia kompyuta isiwake. Dai risiti ya EFD, na dhamana iandikwe humo pamoja na nani atakayelipa nauli ya kurudisha kipuri kibovu Dar es Salaam.