Ndege itapotelea wapi kwenye rada? Piga hesabu hivi

Juzi nilikaa na mwanafunzi aliyekuwa akipitia rekodi za rada. Ndege za futi 35,000 zilikuwa zikikatika karibu na kilomita 440, ilhali hesabu yake ilimpa 790. Alikwisha kuandika kwamba antena ni mbovu. Antena ilikuwa nzima kabisa.

1. Jua aina ya rada. Rada ya msingi hungoja mwangwi kutoka kwenye mwili wa ndege. Ya pili huuliza kwa megahezi 1030, transponda (kifaa cha kujibu kilicho ndani ya ndege) ikajibu kwa 1090. Transponda ikizimwa, rada ya pili haina cha kuonyesha.

2. Tafuta upeo. Hapa ndipo nami niliwahi kupoteza siku nzima. Dunia ni mviringo, kwa hiyo ndege iliyo mbali hufichwa na mgongo wake hata rada iwe na nguvu kiasi gani. Kanuni ni hii:

umbali (km) = 4.12 × (√urefu wa antena + √mwinuko wa ndege)

Urefu wote uwe kwa mita. Transponda hutoa futi, basi zidisha kwanza kwa 0.3048. Futi 35,000 ni mita 10,668; kwa antena ya mita 25 unapata kilomita 446. Mwanafunzi wangu aliingiza futi zilivyo. Fanya kwa karatasi na kikokotoo, tafadhali. Lahajedwali huficha vizio.

Halafu, toa kila kipeuo peke yake ndipo ujumlishe. Ukijumlisha kwanza, ndege ya juu haitakuumbua, ila ya mita 100 itakupa kilomita 46 badala ya 62. Kama rada iko nyanda za juu, pima kutoka ardhi inayoizunguka, si usawa wa bahari. Mlima ulio karibu hukata mapema zaidi. Na hewa ya joto ikitanda juu ya hewa baridi, mawimbi hupinda chini na kufika mbali kuliko hesabu.

3. Angalia mapigo. Gawanya 150,000 kwa idadi ya mapigo ya mawimbi ambayo rada hurusha kwa sekunde. Mapigo 300 hutoa kilomita 500. Mwangwi wa mbali zaidi ya hapo huonekana kama wa karibu.

4. Chukua umbali ulio mdogo kati ya wa hatua ya 2 na wa hatua ya 3, uchore miduara miwili kuizunguka rada: wa ndege iliyo mwinuko wa mita 10,000 na wa iliyo mwinuko wa mita 300. Kwa antena ileile, wa pili hauvuki kilomita 92. Ndege inayoshuka hupotea kati ya miduara hiyo. Alama ya ndege kwenye skrini ikiendelea kusogea kidogo baada ya hapo, ni makadirio ya kompyuta kutokana na mwendo wake wa mwisho.