SOMO: Ratiba ya mwanafunzi inaanzia kitandani

Mwangaluka wapendwa. Vyuo vinafunguliwa, na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wananiuliza swali lile lile: nitasoma saa ngapi, nitalala saa ngapi, na marafiki niwaweke wapi? Nimesoma chuo hapa Mwanza, nimepita humo humo mnamopita sasa. Nawaandikia ninachokijua.

Baba yangu anavua dagaa Ukerewe. Kazi yake ni ya usiku. Taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai na sasa za betri, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinavutwa mpaka karibu na alfajiri. Lakini mbalamwezi ikikomaa, mwanga wake unazidi taa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inapandishwa mchangani. Siku hizo baba analala, anashona nyavu, anatembelea ndugu, anahudhuria vikao vya harusi na misiba. Hakuna anayemwita mvivu, kwa sababu kila mtu mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anajua mapumziko yale yamo ndani ya kazi.

Nilipokuja mjini nikasahau kabisa nilichokiona tangu utotoni. Mwaka wa pili tulikuwa na test ya takwimu saa 2 asubuhi. Tulikesha wanne getoni, yaani chumba cha kupanga, Nyegezi, tukiandika kwa chaki nyuma ya mlango kwa kuwa hatukuwa na ubao. Saa 9 usiku nilisimama nikawafundisha wenzangu swali moja gumu mpaka wakalielewa. Asubuhi nafungua karatasi, swali la kwanza ni lile lile. Nilikumbuka rangi ya chaki, nilikumbuka kwamba mstari wa tatu ulipita juu ya komeo la mlango. Hatua ya pili ya hesabu haikuja. Nilikaa nayo dakika 20, nikahamia swali jingine, nalo likanishinda. Somo lile nilikuja kulirudia kwa sup, yaani mtihani wa marudio. Tangu hapo nikaanza kujifunza haya ninayowaandikia.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako za wiki

Wiki ina saa 168. Toa za usingizi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Saa 8 mara siku 7 ni 56. Zinabaki 112.

Sasa masomo. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120. Yaani semista moja ni krediti 60, ambazo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Humo ndani kuna pindi za darasani, maabara, asainimenti na kusoma mwenyewe, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kama pindi zako ni saa 18, unadaiwa saa 22 nyingine za msuli, yaani za kujisomea. Ningefurahi kama mtu angeniambia hili siku ya kwanza, maana nilidhani kuhudhuria pindi ndiyo kusoma kwenyewe.

112 toa 40 zinabaki 72, saa 10 na ushee kwa siku. Humo upike, ufue, upande daladala, uende kanisani au msikitini, ukae na watu. Muda upo.

Hatua ya 2: Andika siku 3 kama ulivyoziishi

Chukua daftari dogo, kila baada ya saa moja andika ulichofanya. Usipambe. Mimi niligundua natumia karibu saa 2 kila usiku kwenye simu nikiwa tayari nimelala, na dakika 50 kila asubuhi kwenye foleni ya daladala kwa sababu nilikuwa natoka muda ule ule ambao mji mzima unatoka. Nilipoanza kutoka nusu saa mapema, foleni ilikwisha, nikawa nafika darasani na kurudia notsi kukiwa bado kimya.

Hatua ya 3: Funga saa ya kuamka

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nitakaa kidogo.

Watu wanajilazimisha kulala mapema na kushindwa. Anza upande wa pili: chagua saa moja ya kuamka, uishike kila siku, Jumapili nayo ikiwemo. Ukiamka saa 12 kamili kwa wiki mbili, mwili wenyewe utaanza kudai kitanda saa 4 usiku. Mtu mzima anahitaji saa 7 mpaka 9 za usingizi. Wadogo zangu wa sekondari wanahitaji 8 mpaka 10.

Saa ya mwili inajirekebisha kwa mwanga wa asubuhi. Mwanza tuko magharibi ya Dar es Salaam lakini saa zetu ni moja, kwa hiyo jua letu linachomoza nyuma ya la Dar kwa dakika kama 25. Ndiyo maana saa 12 asubuhi huku bado giza giza, na unaona uzito wa kutoka kitandani. Usijilaumu kwa huo uzito. Jua likishatoka, toka nje dakika 10, piga mswaki hapo hapo mlangoni, tembea kwenda kununua chapati. Ule mwanga unauambia ubongo kwamba siku imeanza, na usiku usingizi utakuja kwa wakati.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu: kafeini inachukua takriban saa 5 kupungua nusu. Ukinywa saa 12 jioni, saa 5 usiku nusu yake bado inazunguka mwilini. Mimi mwisho wangu ni saa 8 mchana.

Simu ichajiwe mbali na kitanda. Kama ndiyo alamu yako, vizuri zaidi, utalazimika kuinuka kuizima. Na chandarua kishushwe mapema, msicheke, nimeona watu wanapigana na mbu mpaka saa 7 usiku halafu wanasema wana tatizo la usingizi. Geto la bati likiwa limekusanya joto la mchana, fungua madirisha jioni, usomee nje mpaka lipoe, uingie ndani kwa ajili ya kulala tu.

Kuhusu kukesha: unapolala, ubongo unaendelea na kazi ya kupanga na kukaza ulichojifunza mchana. Ukiukata usingizi, unakata kazi hiyo katikati. Nilichokiandika nyuma ya mlango saa 9 usiku kilikosa pa kushika. Mchana ukizidiwa, jinyooshe dakika 20 kabla ya saa 10 jioni. Ukilala saa 2 nzima utaamka mzito, na usiku utakuwa macho.

Hatua ya 4: Msuli kidogo kidogo, mara nyingi

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akaandika kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza inapotea ndani ya siku chache za mwanzo, na kurudia kwa vipindi ndiko kunakokizuia kupotea. Kwa hiyo pitia pindi la leo leo hii hii, dakika 20. Rudia baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Kurudia si kusoma desa, yaani notsi, kwa macho. Funga desa, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, halafu fungua uone ulipokosea.

Wapo wanaotumia mtindo wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, ulioanzishwa na Mtaliano Francesco Cirillo kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa kusoma nadharia unafaa sana. Kwa hesabu naona 25 zinakwisha ndiyo kwanza unaanza kuelewa, mimi natumia 50 kwa 10.

Diskasheni ni nzuri, ila kila mtu aje ameshajaribu swali. Watu sita wasiosoma wakikaa pamoja saa 3, wanaondoka na habari za Simba na Yanga.

Hatua ya 5: Watu waingie kwenye ratiba

Ratiba isiyo na marafiki haifiki wiki mbili. Chagua nafasi mbili za kudumu kwa wiki. Zangu zilikuwa mazoezi ya kwaya Jumatano, na kukaa na rafiki zangu Jumamosi jioni. Tulikuwa tunachanga, tunanunua sato, tunamkaanga getoni, tunakula ugali tukiangalia jua likizama ziwani nyuma ya miamba. Simu ziliwekwa kwenye sufuria tupu, kwa makubaliano. Saa 3 zile ziliniburudisha kuliko kuchati usiku nne mfululizo.

Ukialikwa siku nyingine, usiseme tu "nina kazi". Sema, "Leo sitaweza, Jumamosi jioni nipo." Mtu anasikia kwamba humkatai yeye.

Hatua ya 6: Jumapili jioni, dakika 20

Angalia wiki iliyopita, panga ijayo. Asainimenti zote ziandikwe ukurasa mmoja na tarehe zake. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti wa Buhongwa: Shikamoo dada. Mimi naishi kwa shangazi. Nikirudi chuo nipike, nioshe vyombo, niwasaidie watoto homework, saa 5 usiku ndiyo nakaa na daftari. Nikisema nimechoka nitaonekana nina kiburi.

*Marahaba mdogo wangu.* Usimwambie umechoka. Mpelekee ratiba iliyoandikwa, siku ambayo ametulia, mshukuru kwanza kwa kukupokea. Kisha omba kazi zenye saa maalumu: "Shangazi, naomba kupika kuwe kwangu kila siku, na Jumamosi nifue nguo za nyumba nzima, ila saa 2 mpaka 4 usiku nikae na masomo." Mzazi akiona umechagua kazi nzito mwenyewe, hawezi kukuona mvivu. Na wale watoto wasome mezani pamoja na wewe, muda ule ule.

Nesi Mtarajiwa: Sisi wa afya tuna zamu za usiku wodini. Hiyo saa ya kuamka naifungaje?

Wiki ya zamu huwezi, na usijilazimishe. Fanya kama wavuvi: wiki hiyo ihesabu ni ya giza, isiyo na mbalamwezi, wakati wao wa kazi ya usiku, ina ratiba yake. Lala saa moja na nusu kabla ya kwenda zamu. Asubuhi ukirudi, vaa kofia kupunguza mwanga njiani, funika dirisha kwa kitenge kizito, lala moja kwa moja kabla ya kufua au kupika. Usipange diskasheni wala kuamua jambo kubwa siku hiyo. Zamu zikiisha, rudi kwenye saa yako ya kuamka siku ya pili yake.

Kijana wa HKL: Dada, niko kidato cha 5 bweni. Prepo, kujisomea kwa usiku, inaisha saa 4 na nusu, kengele saa 10 na nusu alfajiri. Hizo saa 8 ndoto.

Mdogo wangu, ni saa 6 hizo, hazikutoshi kwa umri wako, nakuambia ukweli. Kengele huwezi kuibadilisha peke yako. Unachoweza: usiongeze hata dakika ya tochi baada ya prepo, lala dakika 20 baada ya chakula cha mchana, na Jumamosi na Jumapili ziba pengo mchana. Viranja wenu wanaweza kulipeleka kwa mwalimu wa malezi kwa heshima. Huenda kengele ikasogezwa mkizungumza vizuri.

Mzee wa Pamba Jiji: Mechi ya usiku ikianguka Jumatano je? Siwezi kuacha.

Usiache. Hamisha msuli wa Jumatano uende Jumanne, andika kabisa. Ila saa ya kuamka Alhamisi ibaki pale pale, utalipa kwa kulala mapema Alhamisi usiku.

Kimya Kimya: Nalala saa 4 kama ulivyosema lakini nakodoa macho mpaka saa 8. Ada sijamaliza, ndiyo inanizunguka kichwani.

Pole sana. Usigaragare kitandani. Ikipita dakika 20 inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, andika kwenye karatasi kila kinachokuzunguka na hatua moja utakayofanya kesho, kisha rudi ukisinzia. Na hiyo hatua ya kesho iwe kwenda kwa mlezi wa wanafunzi kueleza habari ya ada kabla ya mitihani, maana wakijua mapema mnaweza kupanga kulipa kwa awamu. Ukiona usiku 3 au zaidi kila wiki unakuwa hivi, nenda hospitali, ni ugonjwa unaotibika. Nitumie ujumbe pembeni, usikae na jambo hili peke yako.

Mkolani Finest: Nimeandika siku moja. Nimekuta saa 3 na nusu za video fupi fupi. Nifute programu yote?

Subiri kwanza. Andika siku mbili zilizobaki, uzilete hapa zote tatu, tuone ni saa ngapi hasa unazifungua. Wengi ni zile dakika kabla ya kulala, na hapo kuhamisha chaja tu kunatosha.