Kuchagua pusha ya theluji kwa ajili ya skidistia

Majira ya baridi nasafisha maegesho ya maduka huku Minnesota. Ni jimbo lile lile ambako mwaka 1957 ndugu wawili wa ukoo wa Keller, mafundi wa Rothsay, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga kimashine cha kuzolea samadi bandani. Skidistia za leo, vile vitinga vidogo vya kuzolea vinavyogeuka kwa kuburuza magurudumu, zimetokana na hicho.

Pusha ni boksi la chuma lisilo na kitako: ubao mrefu nyuma, mabawa mawili pembeni. Inasukuma theluji mbele bila kuimwaga kando. Inafaa uwanja mpana. Kama kazi yako ni njia ndefu nyembamba, nunua plau, yaani ubao unaokaa kimshazari na kumwaga theluji kando.

Hatua ya 1: Pima tairi. Chukua futi, pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi wa kulia. Pusha ipitilize pande zote mbili. La sivyo tairi zitashindilia theluji ambayo hujaigusa, na kufikia alfajiri imekuwa ngumu kama zege.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya theluji yenye maji. Pusha ya futi 8, yenye kimo cha futi 3 na kina cha futi 3, inabeba kama mita 2 za ujazo. Theluji kavu ya Januari, ile inayopeperuka ukiipuliza, ni kama kilo 200 tu. Ya Machi, ukiiminya kwenye glavu inachuruzika. Hapo kilo 600 si ajabu. Injini haitakuangusha, tairi ndizo zitakazozunguka palepale. Mashine yangu ya tani 3 na ushee inaimudu futi 8. Niliwahi kutamani futi 10. Msimu mmoja ulinitosha.

Uzito wa pusha yenyewe ulinganishe na uwezo wa kunyanyua ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, maana kuna siku utaipandisha kwenye trela.

Hatua ya 3: Chagua makali, yaani ukingo wa chini wa ubao unaogusa ardhi. Hapa ndipo pesa inapopotea. Makali ya mpira hukamua majimaji na hayachubui lami, ila juu ya theluji iliyoshindiliwa yanateleza tu. Chuma hukwangua. Mimi nilinunua chuma kilichofungwa moja kwa moja, bila springi, kwa sababu kilikuwa rahisi. Usiku wa pili kikakutana na kifuniko cha chemba kilichochomoza kidogo tu. Mashine ikasimama, mimi nikaendelea hadi kwenye chuma cha usalama kilicho mbele ya kiti. Mkanda sikuwa nimeukaza. Mbavu ziliuma wiki nzima. Siku hizi natumia makali ya springi: yakigonga kitu yanakunjika nyuma, kisha yanarudi.

Hatua ya 4: Viatu, yaani vyuma vya chini ambavyo pusha huteleza juu yake. Viwe vya bolti. Vya kuchomelea vikilika, utamtafuta fundi katikati ya dhoruba.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kulipa. Funga pusha, shuka, uinamie bamba linaloishika pusha kwenye mashine uone kwa macho kwamba pini zote mbili zimetokeza chini ya matundu yake. Mikono ya kufungia inaweza kulala sawasawa na pini bado ziko juu. Kisha ishushe kwenye sakafu tambarare: viatu viguse chini kuanzia kisigino hadi kidoleni. Magurudumu ya mbele yakiinuka, umekandamiza mno. Legeza mpaka yakanyage.