Jinsi ya Kuandaa Lesung ya Riwaya Mpya ya Kijerumani

Lesung ni hafla ambapo mwandishi huwasomea wasikilizaji vipande vya kitabu chake kwa sauti. Ujerumani hutoa riwaya mpya kwa misimu miwili, machipuko na vuli, karibu na maonesho ya vitabu ya Leipzig mwezi Machi na ya Frankfurt mwezi Oktoba. Andikia idara ya matukio ya mchapishaji miezi sita kabla, si mwandishi mwenyewe. Unayemtaka vuli mwalike kabla ya Agosti: orodha ndefu ya Deutscher Buchpreis, tuzo ya riwaya bora ya mwaka ya Kijerumani, ikitoka, wote 20 waliomo huanza kugombewa. Patana kwa maandishi ujira, nauli na malazi. Mchango wa Künstlersozialkasse (mfuko wa bima ya jamii ya wasanii na waandishi), ukikuhusu, unalipa wewe mwandaaji; usimkate mwandishi.

Kazi kubwa ni kuchagua vipande. Ukurasa mmoja wa kitabu husomwa kwa sauti kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo kipande cha dakika 12 ni kurasa sita, basi. Vipande vitatu vyenye mazungumzo katikati vinajaza saa moja. Cha kwanza kisihitaji utangulizi. Mwanzo wa riwaya mara nyingi unafaa. Epuka majibizano ya wahusika wanne watano, maana sikio halioni alama za kunukuu. Mwandishi afute kwa penseli kila sentensi inayorejelea jambo ambalo wasikilizaji hawajalijua, kisha aweke alama pa kuishia. Asipoweka ataongeza "kidogo tu", na muda utakaoliwa ni wa maswali.

Mwombe pia asome polepole kuliko anavyopenda. Kijerumani huweka kitenzi mwishoni mwa kishazi tegemezi. Akivuta pumzi mahali pabaya au akimeza neno la mwisho, sentensi nzima imepotea.

Mezani weka taa na maji yasiyo na gesi. Hilo la gesi litaje waziwazi, la sivyo utaletewa yenye gesi na mwandishi atacheua kwenye kipaza sauti. Jaribu sauti kwa mwandishi kusoma aya nzima akiwa ameinamia kitabu. "Moja, mbili" haionyeshi kitu.

Duka la vitabu la jirani lilete nakala kwa makubaliano ya kurudisha zitakazobaki. Usitangaze punguzo: sheria ya mwaka 2002 inalazimisha kitabu kipya kiuzwe kwa bei ya mchapishaji. Meza ya kusaini ikae mbali na mlango, na wanaopanga foleni wape vikaratasi waandike majina yao, maana Meier, Maier na Mayer hutamkwa sawasawa.