Kitabu cha kuwasomea wanafunzi katika somo la historia

Mwalimu anayetafuta kitabu cha kuwasomea kwa sauti wanafunzi wa miaka 9 hadi 12 katika somo la historia asiogope kuchagua kilicho kigumu kidogo kuliko wanachoweza kukisoma wenyewe, kwa kuwa katika umri huo watoto wengi huelewa kwa kusikia mambo ambayo yangewashinda kwenye ukurasa. Kabla ya kuamua, asome kurasa mbili kwa sauti akiwa peke yake, maana sentensi inayopendeza machoni mara nyingine humkata msomaji pumzi, na mazungumzo yasiyoonyesha nani anasema huwachanganya wasikilizaji.

Kama ni hadithi ya kubuni, aanze kutazama mwisho wa kitabu, mahali ambapo mwandishi makini hueleza yapi yalitokea kweli na yapi ameyatunga. Mimi husita sana kitabu kikikosa maelezo hayo. Mathalani, hadithi kuhusu Wayahudi wa Denmark waliovushwa kwa mashua hadi Sweden mwaka 1943 ili kuwaokoa na Wanazi wa Ujerumani inaweza kuwa na mtoto wa kubuni, lakini tukio lenyewe halikubuniwa, na darasa lina haki ya kuijua tofauti hiyo.

Urefu nao upigiwe hesabu: kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika, kitabu cha maneno 30,000 humalizika kwa vipindi kumi vya dakika 20, bila kuhesabu maswali, ambayo hayakosekani.