Somo: namna ya kupiga mashine zako na mtu wa dramu za jazi bila kugombana

Wakuu habari zenu, nimeulizwa sana hili swali, kwamba unakaaje na laptopu pembeni ya mtu wa dramu za kweli, tena wa jazi, halafu ukatoka muziki na sio vurugu, basi leo naliandika lote hapa niachwe nipumzike.

Kabla hujagusa waya katafute The Exchange Session ya 2006, albamu ya Kieran Hebden (mtu wa muziki wa mashine, ndo huyo huyo Four Tet) na marehemu mzee Steve Reid, mtu wa dramu aliyewahi kumpigia James Brown. Wawili tu, wanabuni papo hapo. Sikiliza raundi ya kwanza dramu peke yake, ya pili mashine peke yake, utaona kijana haingilii kazi ya mzee kabisa, anarusha vipande vya sauti vinazunguka, vinapasuka, vinapotea.

Hatua ya 1. Ondoa kiki (ule mdundo wa dramu kubwa ya chini) kwenye mashine yako, hiyo ni kazi yake. Najua inauma. Jeff Mills, DJ wa tekno, alipiga na Tony Allen, mzee wa dramu za Afrobeat, akiwa na 909 yake (mashine ya dramu ya Roland) na wakatoa kazi pamoja 2018, ila Mills anaichezea 909 kwa vidole kama ngoma, wewe bado unabonyeza plei.

Hatua ya 2. Usimpe metronomu, ule mlio wa kuhesabu mapigo. Mimi nilimpa mtu wangu wa dramu siku ya kwanza, dakika ya tatu akavua hedifoni akazitundika kwenye stendi ya simbali huku mkono mwingine unaendelea na hai-hati (zile simbali mbili za kukanyagia), wala hakuniangalia. Toka siku hiyo mimi ndo namfuata. Lupu ndefu, yaani kipande kinachojirudia chenyewe, itakuacha njia panda maana yeye anapanda na kushuka anavyojisikia, kwa hiyo kata vipande vya sekunde moja au pungufu uviweke kwenye pedi uvipige kwa mkono, na kitufe cha kugonga kasi (unakigonga kwa mapigo yake, mashine inashika kasi hiyo) kiwe karibu na kidole.

Hatua ya 3. Shusha bafa, yaani kile kiasi cha sauti laptopu inachokusanya kabla ya kukitoa, kipo kwenye mipangilio ya sauti. Ukiwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1024 peke yake inakuchelewesha milisekunde 21 hivi, ya 128 haifiki hata 3. Mtu wa dramu anaisikia hiyo tofauti hata kama hajui jina lake.

Hatua ya 4. Spika yako moja imuelekee yeye, asipokusikia hakujibu. Maiki mbili juu na moja kwenye kiki zinatosha.

MASWALI

Swali: Mkuu mi sina mtu wa jazi, ninaye wa kanisani, inafaa?
Jibu: Hao ndo watamu! Wamezoea kumfukuzia mchungaji anayeongeza pambio bila taarifa.

Swali: Na singeli je?
Jibu: Ile inavuka mapigo 200 kwa dakika, utamuua. Mwambie apige nusu ya kasi, we kimbia juu yake.

Swali: Dramu zinanifunika kabisa, niongeze sauti?
Jibu: Usiongeze, mtaishia kupigana makelele. Mpe brashi badala ya vijiti, na wewe hamia kwenye besi ndefu ambako yeye hayupo.

Swali: Sasa mnajuaje pa kumalizia dada?
Jibu: Wangu akianza kulegeza nati ya hai-hati najua zimebaki sekunde chache, nashusha taratibu. Mara mbili alikuwa anaikaza tu.