Namna ya kutathmini na kuhifadhi majalada ya utawala na ya ardhi katika ofisi za Mtwara na Lindi

Karibu kila ofisi ya umma ya siku nyingi ina chumba kilichojaa majalada yaliyofungwa, na ukanda huu wa kusini chumba hicho kina maadui wawili wasiolala, yaani mchwa na unyevu wa bahari. Kinapofurika, wazo linalokuja haraka ni kuchoma moto. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 haimpi mkuu wa ofisi mamlaka hayo: kumbukumbu ya umma haiteketezwi bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Maelekezo haya ni kwa mtunza kumbukumbu anayetaka wataalamu wa Idara hiyo wafike wakute kazi imeanzwa vizuri.

Anza kwa kuorodhesha kabla ya kuchagua chochote. Andika namba ya jalada, jina lake, tarehe ya folio (karatasi yenye namba ndani ya jalada) ya kwanza na ya mwisho, hali yake, na ofisi iliyolifungua. Usiyapange upya majalada kwa mada unazoziona wewe, kwa sababu mpangilio wa masijala (ofisi ya kutunza majalada) ya zamani nao ni ushahidi. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, hivyo jalada la Nachingwea, ambayo leo iko Lindi, la mwaka 1968 linaweza kukutwa Mtwara kwa haki kabisa; ukilihamisha kimyakimya kwa kudhani lilipotea njia, utakuwa umekata uzi wake.

Majalada ya utawala hayasumbui sana. Nakala za nyaraka zilizosambazwa kutoka wizarani, ambazo asili yake imetunzwa huko, ziwekwe kwenye orodha ya kupendekezwa kuteketezwa. Vocha za malipo zisubiri muda uliowekwa kwenye mwongozo wa utunzaji, pamoja na ukaguzi wake. Majalada binafsi ya watumishi yasiguswe ovyo, kwani mafao ya mstaafu, na hata ya mjane wake, hutegemea barua moja ya ajira.

Kwenye ardhi ndipo panapohitaji utulivu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliithibitisha migao ya ardhi iliyofanywa wakati wa Operesheni Vijiji, yaani kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, kati ya mwaka 1970 na 1977. Tuseme umeshika jalada jembamba lenye folio nne tu, na folio ya tatu ni muhtasari wa mkutano wa kijiji wa mwaka 1974, wino umefifia, chini pana orodha ya wakuu wa kaya walioonyeshwa sehemu za kujenga na kulima, kila jina na alama ya dole gumba pembeni. Halina muhuri wa maana wala ramani. Hata hivyo, familia inayogombea shamba la mikorosho leo inaweza kuwa haina karatasi nyingine yoyote. Karibu yake pana jalada nene la maandalizi ya sherehe, lililofungwa kwa utepe. Unene huo usikudanganye. Jiulize ni nani atakayepoteza haki yake karatasi hii ikipotea, na kama ipo mahali pengine.

Kwa swali hilohilo, majedwali ya fidia, kama ya wananchi waliopitiwa na bomba la gesi kutoka Madimba, yahifadhiwe pamoja na michoro na fomu za uthamini. Jalada la kiwanja mjini nalo lisitupwe kwa hoja kwamba hati imesajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwa kuwa hati humtaja mmiliki, ilhali namna alivyoipata husimuliwa na barua ya toleo (iliyompa kiwanja), stakabadhi za kodi ya ardhi na barua za malalamiko. Vijijini, masijala ya ardhi ya kijiji ikabidhiwe kwa maandishi kila uongozi unapobadilika; daftari la hatimiliki za kimila halipaswi kulala nyumbani kwa mtu.

Yaliyochaguliwa yasafishwe kwa brashi laini. Pini na vibanio vilivyoshika kutu vitolewe taratibu, kwa kuvikunjua kutoka nyuma ya karatasi, maana ukivuta utang'oa kona yenye sahihi. Selotepu isitumike kabisa: baada ya miaka michache hugeuka kahawia na kula maandishi. Karatasi zilizolowa zikaushwe kivulini penye upepo, zikitenganishwa moja moja, wala zisianikwe juani kama mihogo. Maboksi yakae kwenye rafu za chuma, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni na mbali na ukuta, na yasifungwe ndani ya mifuko ya plastiki, ambayo hutoa jasho. Ramani zilazwe bila kukunjwa. Kuskani kunasaidia wasomaji na kupunguza mikono juu ya karatasi, lakini asili ibaki.

Mwisho, orodha ya yanayohamishwa itiwe sahihi na pande zote mbili. Kumbukumbu tuli, yaani zinazotumika kwa nadra, hupokelewa katika kituo cha Dodoma, na zile zitakazokuwa nyaraka za kudumu hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, isipokuwa zenye zuio. Orodha ya yaliyoteketezwa, pamoja na barua ya idhini, ifunguliwe jalada lake na ibaki masijala daima, ili atakayekuja kuulizia shauri la baba yake aonyeshwe lilikokwenda, lini, na kwa kibali cha nani.